Hivi walowezi wa Marekani walimwasi Mwingereza kwa sababu ya chai kweli?

Mtaka Kujua
Wakuu habari za jioni. Mwanangu yuko form five, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), jana kaniletea daftari nimsaidie swali la kwa nini makoloni 13 ya Amerika yalijitoa kwa Mwingereza. Namba moja kaandika kodi ya chai ilipanda wananchi wakashindwa kununua. Nikamwambia safi. Alipolala nikaanza kuperuzi mwenyewe, nikakuta ile Sheria ya Chai ya 1773 iliishusha bei! Kampuni ya India ya Mashariki ilikuwa imejaza chai kwenye maghala ya London inaelekea kufilisika, Bunge likairuhusu ipeleke mzigo moja kwa moja Amerika, madalali wakarukwa, ikabaki kodi ya peni 3 tu kwa ratili. Na bado usiku wa 16 Desemba 1773 watu wa Boston wakapanda meli tatu wakapasua makasha 342 wakamwaga yote baharini.

Sasa mtu anamwaga kitu kilichoshuka bei kwa hasira ipi? Na hawa walikuwa Waingereza, mfalme wao ni yuleyule. Nisaidieni kabla sijamwambia dogo afute namba moja.

Pilipili Kichaa
Nimeweka kigoda. Mkuu kwanza hongera, wazazi wengine daftari wanaliona siku ya kusaini ripoti.

Wakili Kijana
Asante kwa uzi. Bei haikuwa hoja, hoja ni nani ana mamlaka ya kutoza. Virginia walikuwa na baraza lao la kuchaguliwa tangu 1619, na makoloni mengine yakaja kuwa na ya kwao, na hayo mabaraza ndo yalikuwa yanapanga kodi, kwenye makoloni mengi hata mshahara wa gavana unatoka kwao. Miaka mia na nusu London imewaachia wanalima wanauza wanajiamulia, halafu 1765 inashushwa Sheria ya Stempu, gazeti lipigwe chapa kwenye karatasi yenye muhuri wa kodi, mkataba hivyohivyo, hati ya shamba hivyohivyo, mpaka karata na dadu. Hakuna baraza lililoulizwa. Sasa ukinunua ile chai ya bei poa pamoja na peni 3 zake umeshakubali kwamba Bunge ambalo huna mbunge wako ndani yake linaweza kukutoza. Ndo maana chai rahisi iliwatisha kuliko chai ghali, kwa sababu ile rahisi watu wangeinunua kweli.

Kalamu ya Mkaa
Naunga mkono hoja. Ila tusisahau kodi zenyewe zilikuwa kubwa mno, Malkia Victoria aliwakamua hawa watu mpaka basi, mlowezi alikuwa analipa kuliko Mwingereza wa London.

Ticha Mstaafu
Kalamu ya Mkaa hapana mwanangu, yote mawili sio. Victoria kaanza kutawala 1837, wakati wa chai mfalme ni George wa Tatu. Na mlowezi wa Amerika alikuwa analipa kidogo sana ukimlinganisha na Mwingereza wa Uingereza. Malalamiko ya London yalianzia hapohapo: tumepigana na Mfaransa kuanzia 1756 mpaka 1763, tumemtoa Canada, deni la serikali limekaribia mara mbili ya lilivyokuwa, na askari tunawaacha huko kuwalinda nyie, basi changieni.

Nimefundisha mada hii miaka mingi na darasani nilikuwa nawaambia huu mwaka 1763 uwekeeni mstari mwekundu. Mfaransa alipokuwa Canada mlowezi alimhitaji sana Mwingereza. Mfaransa kaondoka, sasa huyu mlinzi aliyebaki mlangoni na anadai posho wa nini?

Kalamu ya Mkaa
Nimepokea ticha, ubarikiwe.

Jahazi
Ticha umeutaja 1763 ukaruka kitu kikubwa, ardhi. Mwaka huohuo mfalme alitoa tangazo kwamba mlowezi asivuke milima ya Appalachia, ng'ambo ile ibaki ya wenyeji. Hakuwapenda wenyeji, alikuwa hana hela ya vita vingine, maana makabila ya kule, yakiongozwa na watu kama Pontiac, yalikuwa yameshaanza kuchoma ngome zake. Lakini muulize mlowezi aliyeona ile ardhi. George Washington mwenyewe kazi yake ya ujana ilikuwa kupima ardhi, na macho yake yalikuwa ng'ambo ya milima. Mtu ameshajipimia mashamba kichwani unamwambia rudi nyuma? Mimi kwangu chai ni ya kwenye vitabu vya watoto, ugomvi ulikuwa wa mashamba.

Wakili Kijana
Jahazi ardhi nakubali ipo, ila ieleze Boston. Wale wa Boston wengi ni mabaharia, mafundi wa mapipa, wafanyabiashara, milima ya Appalachia inawahusu nini?

Jahazi
Boston nakupa jibu lao, magendo. John Hancock alikuwa tajiri wa meli, meli yake moja ilikamatwa 1768 na watu wa forodha mji ukalipuka. Chai ya Mholanzi ilikuwa inaingia usiku bila kodi. Kampuni ikileta chai halali kwa bei ya chini na kuwachagua yenyewe mawakala wa kuiuza, wa magendo anakufa njaa na muuza duka wa halali asiyechaguliwa anakufa naye. Kwahiyo kila mji na kidonda chake, kusini na magharibi ardhi, bandarini biashara. Ile kauli ya hakuna kodi bila uwakilishi ndo kamba iliyowafunga pamoja.

Mjukuu wa Subukia
Habari zenu watu wa TZ, nasoma hii thread nikiwa Nakuru na imenishika kabisa, nisameheni nitaandika mrefu.

Guka yangu, yaani babu, alifanya kazi kwa settler huku Subukia miaka ya thelathini. Shangazi yangu ndiye amehifadhi kipande chake, kile kitambulisho cha kazi. Ni kijikasha cha bati, urefu kama wa kiberiti kikubwa, kina matundu mawili ya kupitishia kamba ukivae shingoni, na ndani kuna karatasi imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa matobo. Jina, kabila, alama za vidole, jina la mzungu aliyekuandika, mshahara, tarehe umeingia, tarehe umeachishwa, na sahihi. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimika kutembea nacho. Wazee wetu walikiita mbugi, ile kengele ya kufunga mbuzi.

Sasa nikisoma kwamba walowezi wa Amerika walikuwa wanapigania uhuru, najiuliza tu, uhuru wa kufanya nini na nani? Kwa sababu wa kwetu pia walijaribu. 1923 hapa Kenya walowezi walipanga kumteka gavana, Sir Robert Coryndon, washike reli na simu. Walisikia London inataka kuwapa Wahindi haki ya kupiga kura kwenye daftari moja nao, wakahofia na zile nyanda za juu zilizotengewa wazungu zitafunguliwa, wakasema afadhali tuasi. Hawakufika mbali. London ikatoa ile karatasi ya Devonshire, tamko la sera la serikali, ikisema maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza Kenya, na ardhi ya nyanda za juu ikabaki mikononi mwa walowezi hivyohivyo.

Pilipili Kichaa
Duh hii ya kumteka gavana ndo naisikia leo.

Mtaka Kujua
Mjukuu wa Subukia asante sana, na shikamoo shangazi. Sasa umeniongezea swali. Kwa nini wa Amerika waliweza na wa Kenya hawakuweza? Wote Waingereza, wote wana bunduki, wote wanaitaka ardhi.

Ticha Mstaafu
Hesabu. Makoloni 13 mwaka 1775 yalikuwa na watu karibu milioni mbili na nusu, watumwa ndani yake kama nusu milioni. Walowezi wa Kenya 1923 hawafiki elfu kumi, wamezungukwa na Waafrika milioni mbili na zaidi. Mlowezi wa Kenya akimfukuza Mwingereza nani atamlinda usiku? Angalia hata Jamaica na Barbados, nazo zilipigwa Sheria ya Stempu na hazikuasi, na Jamaica watumwa walikuwa karibu tisa katika kila watu kumi. Bwana shamba wa Jamaica alilala usingizi kwa sababu ya manowari ya mfalme.

Mjukuu wa Subukia
Sawa mwalimu, lakini hiyo hesabu ya Amerika ilipatikanaje? Wenyeji walikuwepo. Wale walowezi wa meli ya Mayflower waliposhuka Plymouth 1620 walikuta mashamba yameshafyekwa na hakuna watu, kijiji kikiitwa Patuxet, kilikuwa kimemalizwa na maradhi yaliyoletwa na meli za Ulaya miaka michache kabla. Wakasema Mungu ametuandalia. Kwetu ni vilevile kabisa. Miaka ya 1890 sotoka ikamaliza ng'ombe, ndui na njaa zikafuata, watu wa Kiambu wakahamia kwa jamaa zao Murang'a kusubiri mambo yatulie. Mzungu akapita akaona msitu umerudi kwenye shamba la mtu akaandika ardhi haina mwenyewe. Sheria ya 1915 ikampa mlowezi hati ya miaka 999. Hii kitu inaniuma sana.

Bi Mkubwa wa Ilala
Pole sana mwanangu. Miaka 999, kwani wao walitarajia kuishi mingapi?

Mama Zawadi
Jamani mimi naishi Massachusetts mwaka wa tisa huu. Nilimpeleka binti yangu pale bandarini Boston, kuna meli zimejengwa upya mfano wa zile za chai, mnapandishwa, mnapewa kasha mnalitupa majini mkipiga kelele, halafu linavutwa na kamba linarudishwa kwa kundi linalofuata. Mtoto alifurahi. Kurudi nyumbani ananiuliza mama, mbona wale waliotupa chai walijichora wakavaa kama Wahindi Wekundu? Na ni kweli walifanya hivyo. Sikuwa na jibu, mpaka leo sina. Mtu unajivika sura ya yule uliyemnyang'anya ili kusema wewe sio Mwingereza tena.

Pia kuna jina sijaliona humu, Crispus Attucks. Baba yake inasemekana Mwafrika, mama mwenyeji wa kule. Ndo anayehesabiwa wa kwanza kuanguka siku askari walipofyatua risasi Boston tarehe 5 Machi 1770, watu watano walikufa.

Wakili Kijana
Na aliyewatetea wale askari mahakamani ni John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili. Sita wakaachiwa, wawili wakakutwa na hatia ya kuua bila kukusudia, wakachomwa chapa kwenye dole gumba wakaenda zao. Sisi wa sheria hiyo kesi tunaipenda, mji mzima una hasira na mtu anasimama upande usiopendwa.

Kalamu ya Mkaa
Mama Zawadi umegusa weusi, basi nami niseme nilichosoma nisahihishwe. Kuna wanaosema hofu ya kupoteza watumwa ndo iliyowasukuma. 1772 jaji Mansfield huko London aliamua kwamba James Somerset, mtumwa aliyeletwa Uingereza, hawezi kusafirishwa nje kwa nguvu. Halafu Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, akatangaza mtumwa wa mwasi akikimbilia jeshi la mfalme na kubeba silaha yuko huru. Mabwana shamba wa kusini wakawaka.

Ticha Mstaafu
Safari hii tarehe zako ziko sawa kabisa Kalamu. Ila pingamizi lipo palepale kwenye tarehe. Ghasia za stempu ni 1765, Somerset bado. Risasi za Lexington zilizoanzisha vita ni 19 Aprili 1775, Dunmore bado. Na Massachusetts iliyowasha moto haikuwa nchi ya mashamba ya watumwa. Kwa Virginia na South Carolina tangazo la Dunmore liliwasukuma wengi waliokuwa wanasitasita, hilo nakubali. Kuwa chanzo cha yote, hapana.

Kalamu ya Mkaa
Ticha nakuheshimu lakini hapa sikuachii. Thomas Jefferson kwenye rasimu ya Tangazo la Uhuru la 1776 aliandika aya nzima ya kumlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa, wenzake wakaifuta, na malalamiko ya mwisho waliyobakiza ni kwamba mfalme anachochea uasi wa ndani kwetu. Uasi wa ndani wa nani kama sio watumwa? Na watumwa wenyewe walishapiga kura kwa miguu. Harry Washington, mtumwa wa George Washington mwenyewe, alitoroka akaenda kwa Waingereza. Vita vilipoisha watu weusi kama 3,000 waliandikwa majina kwenye daftari bandarini New York wakapelekwa Nova Scotia, wakaikuta baridi na ahadi za mashamba zisizotimia, na 1792 karibu 1,200 wakapanda meli kwenda Sierra Leone. Harry alikuwamo. Huyu uhuru wake aliutafuta kwa mfalme aliyekuwa anaasiwa!

Mama Zawadi
Hii ya Harry nitamsimulia binti yangu leoleo.

Tunduma Mpakani
Wakuu mnazunguka, kuna walowezi wengine walioasi wakafaulu kwa muda, na sisi Tanzania tuliumia. Rhodesia. 11 Novemba 1965 waziri mkuu Ian Smith anatangaza uhuru bila ruhusa ya London, kwa sababu London ilitaka kwanza ihakikishiwe njia ya Waafrika walio wengi kushika utawala. Wazungu wako kama laki mbili na ushee, Waafrika milioni nne. Na tangazo lake lilifuata mtindo wa lile la 1776, mwanzo unafanana kabisa. Ila ile sentensi ya watu wote wameumbwa sawa haimo, na mwishoni wakaweka Mungu mlinde Malkia.

Mwalimu Nyerere akavunja ubalozi na Uingereza Desemba ileile kwa kuwa haikutumia nguvu dhidi ya Smith, tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Zambia nayo mafuta yake yalikuwa yanapitia Rhodesia, yakakatwa. Baba yangu alikuwa tanboi kwenye malori yaliyobeba mapipa ya mafuta kutoka Dar kwenda Zambia. Barabara ya vumbi na mvua ikinyesha ni tope. Alisema pipa likitoboka unapaka sabuni ya mche kwenye tundu huku gari linatembea, na usiku hawawashi moto wa kupikia karibu na lori, wanakula mihogo mibichi. Kwenye mteremko wa Kitonga anashuka anatembea nyuma ya tairi na gogo mkononi tayari kuliwekea. Alipoteza rafiki yake pale. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika 1968 ndo akaacha ile kazi.

Bi Mkubwa wa Ilala
Nayakumbuka hayo malori, mimi mdogo tukiishi Morogoro. Yanapita mfululizo nyumba inatetemeka. Mungu amrehemu baba yako kama ametangulia.

Tunduma Mpakani
Ametangulia mama, asante.

Wakili Kijana
Tunduma umenipa kitu cha kufikiria. Kumbe maneno yaleyale ya 1776 yanaweza kubebwa na mtu anayezuia uhuru wa wengine. Ila nataka kuwatetea kidogo watu wa Philadelphia, walioipitisha ile hati ya 1776, ile sentensi waliyoiandika baadaye ilitumiwa na weusi wenyewe kudai haki zao. Smith aliiacha kwa sababu alijua itamgeuka.

Jahazi
Halafu tarehe. Dogo akiandika uhuru ulipigiwa kura 4 Julai atakosea, kura ni tarehe 2, tarehe 4 ni kuipitisha hati, na wengi walisaini 2 Agosti.

Ticha Mstaafu
Sahihi. Na tarehe 2 New York hawakupiga kura, walikuwa hawajapata ruhusa ya kwao. Mwongezee.

Jahazi
Na kitu kimoja cha kwetu pwani. Chini ya Mwingereza, biashara ya mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa ya ileile kampuni ya chai, mlowezi haruhusiwi. Walipojitoa njia ikafunguka, ndo maana meli za Salem, hapohapo Massachusetts kwa Mama Zawadi, zikaja mpaka Unguja kuchukua pembe na sandarusi. 1833 wakawekeana mkataba na Sultani Seyyid Said. Walicholeta ni nguo ya pamba, na bibi zetu wakaiita merikani.

Bi Mkubwa wa Ilala
Eeh! Merikani! Bibi yangu sanda yake aliiandaa mwenyewe ya merikani, imekunjwa kwenye kasha na karafuu ndani. Sikujua kama inahusiana na mambo haya.

Mtaka Kujua
Wakuu nimejaza kurasa nne. Dogo kaniambia baba swali ni la alama 20 tu. Mjukuu wa Subukia, kama hutojali, kwenye kipande cha guka mshahara uliandikwa kiasi gani?

Mjukuu wa Subukia
Nimempigia shangazi sasa hivi, ameenda kukitoa akanisomea kwa simu. Shilingi kumi kwa mwezi na posho ya unga. Nikamwambia asome mpaka chini. Pale pa tarehe ya kuachishwa kazi na sahihi ya mzungu hapajaandikwa kitu. Bila hiyo sahihi ulikuwa mtoro, na ukikamatwa ni jela. Shangazi anasema guka aliondoka usiku wa mvua na bibi akiwa mjamzito, na huyo mtoto tumboni ndiye yeye.